Ploti Moja, Mwenyewe Mmoja

Gichuru alianza kunifokea kabla sijamaliza kusema halo.

"Wewe msichana, umenifungia watu nje! Niko na wateja hapa kwa ofisi, wamekaa, na hiyo takataka yako inawakataa."

Nilikuwa nimesimama nje ya cyber moja ya Kitengela, vumbi la malori ya simiti likiniingia mdomoni, kidole kimoja kimeziba sikio ili nimsikie. Ilikuwa Jumatano, Agosti ya 2008. Nilikuwa nimemfanyia mtu huyu kazi kwa wiki kumi na moja na sikuwa nimewahi kuuona uso wake. Hata leo tukikutana njiani huenda nikampisha kwa heshima.

"Inakataa ploti ambazo ziko na wenyewe, sir."

"Mwenye anajua gani iko na mwenyewe ni mimi. Toa hiyo kitu."

Kisha akashusha sauti, na hapo ndipo nilipomchukia hasa.

"Logbook yako iko hapa kwa meza yangu. College wanaitaka Friday, si ndio? Basi."

Akakata simu.

Nilikuwa mwaka wa tatu, nasomea kompyuta. Chuo kilitaka miezi mitatu ya mafunzo ya kazi, na daftari lenye muhuri wa mwajiri kwa kila wiki. Bila muhuri, unarudia mwaka. Wenzangu waliokuwa na wajomba Nairobi walipata viti vya kuzunguka na chai ya saa nne. Mimi niliandika barua ishirini na kitu, nikajibiwa moja, na kampuni ya kuuza ploti yenye ofisi Kajiado mjini. Gichuru, mkurugenzi wake, alinipigia akaniambia nisijisumbue na safari. "Wewe ni mtu wa computer. Fanyia huko huko." Nikavimba kichwa. Nani mwingine pale mtaani kwetu alikuwa akifanya kazi bila kwenda kazini? Kumbe nilikuwa ninapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa.

Niliandika programu nyumbani, kwenye kompyuta ya mtumba aliyoninunulia Mama, kisha nikaibeba kwa flash hadi cyber na kuituma. Ilipokea majina ya wanunuzi, ikahifadhi namba za ploti, ikachapisha risiti. Kanuni ya kwanza niliyoiweka hakuna aliyeniagiza: ploti moja, mwenyewe mmoja. Ukijaribu kuingiza jina la pili, mashine inagoma. Nilidhani hiyo ndiyo kazi yenyewe. Usiku wa kwanza ilipogoma sawasawa, nilimwita Mama jikoni aje aone, naye akaja na mwiko mkononi, akacheka.

Mama yangu, Jacinta, alikuwa muuguzi. Alikuwa amepanga Kitengela miaka kumi na miwili tangu tutoke Siaya, na kila mwenye nyumba aliyetupandishia kodi, Mama alimwombea mabaya kanisani. Wiki ya nne ya kazi yangu akaniuliza, "Nyathina, mwanangu, hawa watu unawafanyia kazi, ni watu wa kweli?"

"Mama, mimi niko ndani. Kila kitu kinapitia kwangu."

Ndani gani? Nilikuwa nje kuliko askari wa lango lao. Lakini Mama aliniamini, akachukua mkopo wa sacco, na jina lake nililiingiza kwa mikono yangu: ploti namba 47, barabara ya Mashuuru.

Basi Jumatano ile nilirudi ndani ya cyber nikafungua orodha aliyonitumia Gichuru. Ploti kumi na moja zilikuwa zimekataliwa. Sitadanganya kwamba sikuelewa. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, si mtoto, na nilielewa papo hapo. Nilitafuta kwanza namba ya Mama. 47 haikuwemo. Nikashusha pumzi, na ile pumzi ndiyo ninayojichukia kwayo hadi leo, kuliko yote yaliyofuata.

Baada ya hapo nikajitia hamnazo. Labda ni mume na mke wananunua pamoja. Labda karani amekosea kuandika. Nikafuta mistari mitatu ya ile kanuni, nikatuma, nikalipia dakika zangu, nikaenda zangu nyumbani. Kesho yake daftari langu likafika kama kifurushi, limepigwa mihuri yote kumi na miwili, hata wa wiki ambayo ilikuwa haijaisha. Gichuru alikuwa ameandika kwamba mimi ni mwanafunzi mtiifu. Chuo kilinipa A.

Husemwa siku za mwizi ni arobaini. Za Gichuru mimi nilichoka kuzihesabu.

Januari ya 2010 Mama alikodi pikapu, tukapakia nguzo za ua, tukaenda 47. Tulikuta mashimo tayari. Kijana mmoja aitwaye Metito alikuwa akichimba la saba, na mwanamke mwenye kofia pana alikuwa ameshika kamba anapima.

"Sopa," Mama akamsalimia kijana.

"Epa," akajibu, akaziangalia nguzo zetu. "Hata wewe ni wa hapa? Basi mko watatu. Kuna mzee alileta mawe juzi."

Yule mwanamke aliitwa Wahu. Alitoa risiti yake, Mama akatoa yetu, wakaziweka pamoja juu ya boneti. Karatasi ile ile, namba ile ile. Yake ilikuwa ya Novemba 2008, miezi minne baada ya ya Mama.

"Yako ndio fake!" Wahu akamfokea. "Mimi niliuliza kama iko na mtu. Wakabonyeza mbele yangu, computer ikasema haina. Computer itanidanganya ya nini? Wewe ndio mwizi!"

Ofisi ya Kajiado ilikuwa imefungwa zamani. Hakukuwa na mwingine wa kufokewa, na Mama alisimama pale akitukanwa, mkoba wake ameukumbatia. Alinigeukia mimi.

"Lorine, si ulinionyesha ikikataa?"

"Ilikuwa inakataa."

"Halafu?"

Ningeweza kumtaja Gichuru. Ningeweza kuutaja muhuri, Ijumaa, na mwaka mzima ambao ningeurudia kwa karo yake.

"Niliitoa, Mama."

Sikuona hasira usoni mwake, na afadhali ningeiona.

"Usiniambie mimi," akasema. "Ambia huyu mama."

Nikamwambia Wahu yote, tangu simu hadi ile mistari mitatu. Metito aliacha kuchimba akasikiliza. Nilingoja kofi, nilikuwa hata nimekaza shavu. Lakini Wahu aliigeuza risiti yake upande usio na maandishi, akamwomba Mama kalamu, na Mama akafungua mkoba akampa.

"Majina yako yote," Wahu akaniambia. "Hii yote utairudia kwa polisi."

Nikamtajia, herufi moja moja, naye akaandika.