Nukta Tisa Nyuma ya Kiti

Siku ile mjinga alikuwa Bunluea, na mwenyewe hakatai. Fyuzi ya muziki wa pikapu yake ilikatika mara tatu, naye akaivingirishia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Hazikupita dakika mbili waya ukafuka moshi, na spika nane zikanyamaza kama wakwe waliokosana.

Kesho yake mwanawe Kittipat angebebwa mabegani kwenda hekaluni kuwa mtawa, na muziki ulitegemea pikapu hiyo. Bibi Khampun, mama yake Bunluea, alikuwa hasikii tena, mwaka wa sita huo. Aliomba jambo moja tu: ngoma ya mjukuu isimpite.

"Fyuzi ni mlinzi, mdogo wangu," akasema Dada Samniang, fundi wa kijiji, akiugeuzageuza waya uliobabuka. "Amepiga kelele mara tatu, wewe ukamziba mdomo."

"Nilitaka nguvu zaidi, dada."

"Nguvu unayo. Umeipitisha kwenye uzi wa kushonea."

Akatandika waya mnene kama kidole gumba, na shubiri moja tu kutoka kwenye betri akaweka fyuzi inayolingana nao. "Ikipiga shoti, ife hii, gari lipone." Kisha akakisogeza kiti, akainama nyuma yake. "Waya wa kurudi nafunga hapa, kwenye chuma cha bodi. Rangi naikwangua, umeme ukikosa pa kurudi, besi inazimia."

"Hapo hapaguswi." Bunluea akaonyesha nukta tisa nyeupe, alizozipaka mkuu wa hekalu siku gari lilipobarikiwa. "Hizo ndizo zimenilinda miaka yote."

"Na leo zilikuwa likizo?"

Walibishana mpaka Samniang akaomba kahawa ya barafu. Bunluea aliporudi nayo, kiti kilikuwa kimesharudishwa mahali pake.

Asubuhi akafungua sauti polepole. Zikatangulia nyuzi za zeze, safi, kila uzi na sauti yake. Kisha ikaja besi. Haikupiga kelele, ilipanda kutoka ardhini, ikaingia kwenye nyayo, ikakaa kifuani. Maji mitungini yakachora duara ndani ya duara. Bunluea alibaki mdomo wazi: miaka yote amelimiliki gari hili asijue kilicholala ndani yake.

Bibi Khampun akaweka kiganja kwenye bodi. Akafumba macho. Akaongeza kiganja cha pili.

"Ngoma," akasema, kwa sauti ya mtu anayemtambua ndugu aliyepotea.

Maandamano yalipoanza, akauzunguka ukumbi wa hekalu mara tatu, mkono haukubanduka kwenye gari.

Maandamano yalipokwisha, Bunluea akachungulia nyuma ya kiti. Nukta zilikuwa tano. Zilipokuwa nne nyingine palikuwa na chuma kitupu kinachong'aa, na bolti katikati.

"Dada, umekwangua baraka."

"Mama yako amesikia au hakusikia?"

"Amesikia kwa hizi tano zilizobaki."

"Basi nizimalize, tuone."

Mkuu wa hekalu alikuwa nyuma yao, joho begani. Akainama, akaitazama ile bolti.

"Nilibariki gari, Bunluea," akasema. "Rangi ni ya kiwandani."