Alama za Vema za Saa Sita

Wodini waliniita Kamanda, na jina nililipenda. Kwa miaka kumi na tisa ya uuguzi sikuwahi kumpa mgonjwa kidonge cha mwenzake. Dawa za mchana nilianzia kitanda cha kwanza nikaishia cha ishirini na nne, bila kuruka. Na nilikuwa na desturi niliyoikuta kwa walionitangulia: kabla ya kusukuma toroli, natia alama ya vema kwenye karatasi za wagonjwa wote, naandika saa sita kamili, ndipo naanza kugawa. Ilipunguza kazi. Hata wauguzi wapya niliwafundisha hivyo.

Kwenye kitanda cha ishirini na mbili alilazwa dereva wa lori mstaafu, mwenye kidonda cha mguu. Alikuwa pia na Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo unaomtetemesha mtu na kumkaza misuli. Mkewe, mama mfupi asiyeishiwa maneno, aliniambia siku ya kwanza kwamba dawa ya mzee ni ya saa sita, wala si saa sita na robo, maana ikichelewa hata koo hugoma kumeza. Mzee akadakia kwamba lori lake bila mafuta halipandi mlima. Mama akaomba vidonge akae navyo yeye. Nikamwambia dawa za wodi hazilali chini ya mto.

"Sista, mwanangu," akasema, "kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Mimi nimekilalia miaka kumi na mmoja."

Wagonjwa walicheka, nami nikacheka, lakini nilikasirika. Nani huyu wa kunifundisha kazi? Ningeweza kuanza na mzee kisha nikarudi kitanda cha kwanza. Ni hatua thelathini tu. Sikutaka ionekane ameniamuru.

Kesho yake alinifuata tena kuuliza kama mumewe ameshapewa. Nikamwonyesha karatasi iliyoning'inia miguuni pa kitanda.

"Mama, soma hapa. Ukiona vema, ujue amekunywa. Usinisumbue."

Hakunisumbua tena. Wageni waliingia na chakula saa sita na nusu, na siku zote nilikuwa nimemfikia mzee dakika chache kabla. Siku ya nne mgonjwa wa kitanda cha tisa alitapika mpaka kwenye shuka, nikasimama kumsafisha. Nilipoinuka, saa sita na nusu ilishapita, na nilisikia mama anaita upande wa pili wa wodi. Mzee alikuwa amepaliwa, midomo imebadilika rangi, uji unamtoka puani. Tulimvuta uji kooni kwa mashine akapata pumzi, lakini uji ulikuwa umeshaingia mapafuni. Kidonge chake kilikuwa bado kwenye toroli langu.

Nilikitupa. Hilo nalo nalisema leo kwa mara ya kwanza.

Alifariki baada ya siku tisa, kwa nimonia. Metroni na daktari walipitia karatasi, wakakuta dawa imetolewa saa sita kamili, wakaandika kwamba muuguzi hakukosea. Nilikaa mbele yao nikaitikia kwa kichwa.

Mama alirudi kuchukua magongo na blanketi la mzee. Nilitarajia matusi, na ningeyapokea. Alikaa kwenye benchi, kwa mara ya kwanza akaongea polepole.

"Nilimwona amekaza uso, sista. Ulimi mzito, hata kuniambia kitu hawezi. Nikasoma karatasi, nikaona ameshapewa. Nikasema basi huu ni ukaidi wake tu. Nikamlazimisha kijiko." Akajifuta macho. "Miaka yote nimemjua, na nimemuua kwa mkono wangu."

Maneno yalinifika kooni. Nilifikiria kazi yangu, metroni, jina langu la Kamanda.

"Usijilaumu, mama," nikamwambia. "Kazi ya Mungu haina makosa."

Alinishukuru. Alisema wanawe wanamwambia vivyo hivyo, ila usingizi hauji.

Siku hizi sitii alama mpaka nimeona kidonge kimemezwa, na mwenye Parkinson nampitia kwanza hata wodi nzima ininung'unikie. Najuta, na majuto hayo hayamfikii anayeyahitaji. Namba ya simu ya mama ninayo, aliiandika mwenyewe siku ya kwanza. Ni mwaka wa pili sasa, na bado anaamini ni yeye.