Salamu Iliyoruka Safu Moja

...na kiti cha juu ya gurudumu usikikalie, Fortu, asubuhi chagua upande wa kuume, jua halitakuchoma hadi Lubumbashi, na ukiingia salimia, basi ni nyumba ya watu, ndivyo Philippe alivyomfundisha Fortunée mwaka ule walipooana, naye ameyashika yote miaka kumi na moja, mkoba kati ya miguu, na mtoto wa mtu ukipewa mpakate bila kuuliza, ndiyo maana huyu yuko mapajani mwake sasa, mzito, ananukia sabuni, wakati basi linasubiri abiria mmoja lijae liondoke Likasi, receveur, mkata tiketi wa basi, ndiye aliyemtoa kwa mama yake aliyepewa kiti kidogo cha njiani, akasema, "Mama, ubebe huyu, mama yake iko na mizigo," nani angekataa, yeye ambaye hajapata wake, watu wangesema ndiyo sababu Mungu amemnyima... lakini huyo mama mwenyewe, wa kitambaa cha manjano, kiuno bado cha msichana, kiuno hicho kinamuuma Fortunée kukiona, aliingia akasema, "Jambo yenu, bapapa na bamama," safu ya kwanza, safu ya pili, hata mzee anayesinzia alimgusa bega, alipofika safu yao akaangalia sakafu, na Philippe, Philippe anayesalimia hata askari wa kizuizini, akageukia dirisha, dirishani kuna nini, ukuta tu, wasiojuana husalimiana, sasa hawa wawili... acha, wivu kidonda, ukishiriki utakonda, shangazi yake alikuwa akisema, na amekonda kweli, kila Alhamisi Philippe huenda Lubumbashi kununua beseni za kuuza, hurudi Ijumaa, yeye hubaki akimfulia shati, hili hili lenye mfuko wa kifuani wa pipi za tangawizi, dawa ya kichefuchefu cha safari, leo ameng'ang'ania kuja naye, na Philippe alisema barabara mbaya, Fortu, utachoka bure... mtoto anajipinda, atalia sasa, watoto hulia wakipewa wageni, hapana, halii, anajivuta kwa Philippe, mkono mdogo unaingia mfukoni bila kupapasa, kama mtu anayeingia jikoni kwao, unatoka na pipi, na mama yake anageuka, "Élysée, acha ya bantu," na Philippe, masikio yamemlowa jasho, masikio yale yaliyochomoza, na haya madogo hapa chini ya kidevu chake Fortunée yamechomoza vilevile, ee Bwana, siku ngapi amefunga na kuomba, kumbe mwenzake alishajibiwa peke yake... receveur anapiga bati, "Musongeane, kunabakia muntu moya tu," Philippe ananong'ona bila kumtazama, "Fortu, songa huku," miaka kumi na moja akiambiwa songa husonga, leo hasongi, anamenya karatasi ya pipi maana vidole vya mtoto ni vidogo, anamtia mdomoni, mtoto hana kosa, kisha anamwinulia macho mwanamke wa manjano na kumpa ile salamu aliyoiruka.

"Jambo, mama Élysée. Miye njo bibi ya Philippe."

Basi bado lilikuwa likisubiri abiria mmoja.