Maji ya Ghorofani

Hoteli ndogo waliyoachiwa na baba yao pale Wesha ilikuwa mikononi mwa Nusaiba. Kakake, Hafidh, alikaa Chake Chake na kuja kutazama tu. Mumewe, Seif, alikuwa akisomesha Tanga, na tangu waoane hawajakaa nyumba moja.

"Nitakuachia vipi uende, na wageni wanakoga kwa kopo?" Hafidh humwambia kila akiomba ruhusa. "Tengeneza maji kwanza. Yakikaa sawa nitaweka mtu mwengine, weye uende kwa mumeo."

Basi Nusaiba akamwita fundi Mjaka. Mjaka akafungua bomba la mvua chumba cha juu. Maji yakachuruzika ukutani, hata bega la mtu hayafiki. Akatoka kulitazama tangi, lililokaa juu ya paa la jiko.

"Tangi liko chini kuliko vyumba vya juu, Bi Nusaiba. Maji yatapandaje? Tuliinue. Na mabomba nayo yameziba kwa chokaa ya kisima."

Wakajenga mnara wa tangi, wakatia pampu, wakabadilisha mabomba. Nusaiba mwenyewe akavisugua vichwa vya mabomba kwa siki mpaka vidole vikamchubuka. Sanduku lake la safari alikwisha kulifunga.

Hafidh alipokuja, akafungua bomba ghorofani. Maji yakamwagika kwa nguvu, yakamlowesha kanzu mpaka kifuani. Akacheka.

"Mashaallah. Sasa hoteli hii nani ataiweza kama weye? Wageni wa msimu mzima nishawakubalia vyumba."

"Kaka, uliniahidi."

"Niliahidi, sikatai. Lakini mtu haachi shamba siku ya mavuno."

Nusaiba alishuka, akajifungia chumbani, akampigia Seif. Huyo ndiye aliyebaki wa kumtetea.

"Hafidh kashanipigia," Seif akasema, kwa upole. "Kanieleza ulivyofanya kazi. Tumekubaliana usubiri msimu upite."

"Mumekubaliana nyinyi."

"Si muda mrefu, Nusaiba."

Aliishusha simu mapajani. Kumbe wakati yeye anasugua chokaa, wao walikwisha kumpangia. Kwa kaka hakutoka, na kwa mume hakuna aliyemwita. Juu ya dari alisikia maji yakishuka kwa kishindo, na mgeni akiimba bafuni.

Mtumishi akagonga mlango. "Dada, taulo hakuna chumba cha juu."

Nusaiba akajifuta uso kwa upande wa mtandio, akachukua taulo kabatini, akapanda ngazi.