Kabati Lililopokelewa kwa Vilio

Nasimiyu alikuwa amechoka kuishi ndani ya gunia. Tangu aolewe kutoka Marachi akaja huku kwa Wateso, nje kidogo ya Malaba, nguo zake zilikaa guniani chini ya kitanda, na shemeji yake Omagor hakuchoka kumtania: "Huyu bado ni mgeni. Hata mzigo hajafungua." Watu walicheka, naye alicheka nao, ila lilimchoma. Yeye na mumewe Eriaku hawakuwa wamejaliwa mtoto, na mke asiye na mtoto anajua mwenyewe anavyohesabiwa. Ndiyo maana alitaka kabati. Mtu anayepita habebi kabati. Ukiliingiza ndani, umesema umefika.

Bahati ikamjia. Ajenti mmoja wa forodha alihamishwa, akawa anauza vyombo vyake haraka haraka, na kabati lake lilikuwa la mvule, lenye kioo cha kukuonyesha hadi viatu. Eriaku alikuwa amelazwa Eldoret, mguu umevunjika, lakini anaendelea vizuri. Nasimiyu alitaka arudi alikute limesimama. Tatizo likawa kulifikisha. Mwenye pikapu alitaja bei ya kununua kabati la pili. Wa bodaboda alilitazama, akacheka, akawasha pikipiki yake. Mwishowe akampata Mulama, mvuta mkokoteni.

Mulama alililaza kabati chali, akalifunika shuka nyeupe ili manyunyu yasiharibu kioo. Kwa kuwa lilichomoza nyuma, alikata tawi bichi akalifunga mkiani, kama wafanyavyo wenye malori pale mpakani, gari la nyuma lisije likajigonga. Nani angemlaumu? Pale mjini, tawi ni alama ya mzigo mrefu. Lakini ukiacha lami ukaingia vijijini, tawi bichi kwenye mzigo mrefu uliofunikwa shuka nyeupe lina maana moja tu, na hakuna anayehitaji kuelezwa kwamba ni jeneza.

Basi hawa wawili, vichwa vimejaa kabati, hawakuliwaza hilo hata kidogo. Mwenye baiskeli alishuka akavua kofia. Wanawake waliokuwa wakipalilia walisimamisha majembe. Maskini Nasimiyu akanyoosha shingo.

"Mulama, umeona? Watu wanaheshimu kitu poa."

"Mvule ni mvule, dada," Mulama akajibu, akihema.

Kumbe simu zilikuwa zimewatangulia. Mume yuko hospitali, mke anatembea kando ya mkokoteni wenye tawi: watu walijumlisha wenyewe. Hata mkokoteni waliupatia sababu. Gari la maiti limeogopa matope, walisema.

Walipokata kona ya kanisa, vilio viliwapokea. Wanawake walikuja mbio, mikono kichwani, vitambaa vikianguka. Nasimiyu alimfikiria mtu mmoja tu. Mama Alupo! Mama mkwe wake alikuwa na presha, na asubuhi alimwacha akilalamika kichwa. Akapiga yowe, "Uwi! Mama yangu!" akajitupa kwenye matope. Wale wanawake walipoona mjane amejitupa, wakapandisha vilio mara mbili.

Jirani yake Everlyne alimwinua. "Jikaze, dada."

"Amekufa saa ngapi?"

"Unatuuliza sisi? Si ni wewe unamleta?"

"Namleta nani?"

Everlyne alionyesha mkokoteni kwa kidevu. Mulama ndiye aliyeng'amua kwanza. Akavuta shuka, na kioo kikawaonyesha nyuso zao wenyewe, midomo wazi.

"Ni kabati," akasema. "Kabati tu, wamama."

Vikazuka vicheko vya kushika mbavu. Nasimiyu naye alicheka. Eriaku mzima, mkwe mzima! Alitaka tu kufika amkumbatie yule mama. Everlyne peke yake hakucheka.

"Dada, tungoje hapa kidogo," alisema, lakini Nasimiyu alikuwa ameshatangulia.

Mlango wake ulikuwa wazi na ndani hamkuwa na kitu. Alisimama kizingitini akadhani amekosea nyumba. Hakuna kochi, hakuna meza, hakuna jiko la gesi, hata pazia limeng'olewa. Ng'ambo ya uwanja, sebuleni kwa Omagor, makochi ya Nasimiyu yalikuwa yamepangwa, vitambaa vyake juu. Omagor mwenyewe alikuwa uani, godoro la Nasimiyu kichwani, ameganda; habari za kabati zilikuwa zimeshafika.

"Shemeji," Omagor akasema, "tulikuwa tunatoa vitu, watu wa matanga wapate nafasi."

Hufanyika hivyo kila matanga, na Nasimiyu alitamani sana liwe kweli. Kisha akaziona nguo zake barazani, zimefungwa vifurushi viwili vya kubebeka.

"Na hizi? Nazo zingekaliwa na wageni?"

Vifurushi vilikuwa vimefungwa kwa leso za Mama Alupo. Mkwe wake huyo alikuwa ameketi kando ya vifurushi, macho mekundu kwa kumlilia mwanawe.

"Mwanangu, usikasirike," alisema kwa upole. "Tulijua bwana ameenda. Sasa wewe ungebaki hapa ukifanya nini?"

Nasimiyu alilitazama gauni lake. Tope alilojitupia kwa ajili ya mwanamke huyu lilikuwa bado bichi kwenye gauni. Afadhali angetukanwa.

Everlyne, asiyejua la kufanya, alikuwa amempigia Eriaku, akamkabidhi Nasimiyu simu.

"Nasimiyu! Nasikia nimekufa!" Eriaku alikuwa akicheka. "Kabati imefika?"

"Imefika. Lakini haiingii. Ukipona utanipata Malaba, nitapanga chumba huko. Kama unanitaka, njoo."

Kicheko kilikatika. "Mbona? Nani amekukosea?"

"Uliza mama. Ako hapa."

Alimpa mkwe wake ile simu. Omagor alitua godoro. "Tunarudisha kila kitu sasa hivi, shemeji. Usifanye hivyo, watu wanaangalia."

"Mulama, geuza mkokoteni."

Mulama aligeuza, akauliza kama angoje godoro na makochi. Nasimiyu alichukua vile vifurushi viwili, akavipandisha juu ya kabati kimoja kimoja.

"Hizi zinatosha," alisema. "Mama ameshanifungia."