Rangi Tatu za Ismahan
Mimi ni fundi wa nguo, na nilisema mapema kwamba Muthama asipewe brashi ya kupaka duka letu la nguo. Sikusikilizwa. Muthama amepaka karibu kila bucha ya mji wa Mwingi, na mkono wake umeshazoea.

Ismahan, mwenye duka na rafiki yangu, alikuwa amesomea mapambo Nairobi mwaka mzima. Alirudi na sheria moja: duka litachukua rangi tatu tu, tena kali. Nyeupe iwe nyingi, nyekundu ifuate, nyeusi iwe kidogo tu, kama chumvi kwenye mboga. "Wavinya, mtu akipita lazima asimame," aliniambia. Hapo hakukosea.

Chumba kilikuwa cha ami yake, Mzee Abdinoor, mfanyabiashara wa mbuzi. Alitupatia shingo upande. "Mpaka Jumamosi," alisema. "Kama hamjauza hata nguo moja, Mwangangi ataingia na bucha yake." Kwangu hilo halikuwa jambo la mzaha. Nilikuwa nimeshona miaka sita kwenye veranda ya duka la mbegu, vumbi langu, mvua yangu. Sasa nilikuwa na ukuta wa kuegemea.

Tulikwenda Eastleigh, Nairobi, kuchukua vitambaa, tukamwachia Muthama ndoo tatu. Tuliporudi, ukuta ulikuwa mweupe juu, mwekundu kuanzia kiunoni kwenda chini, na katikati mstari mweusi ulionyooka kabisa, kama bucha zake zote. Darini kulikuwa na chuma chenye ndoano kumi.

"Hizo nimewawekea bure," Muthama alisema kwa fahari.

"Za nini?" nilifoka.

"Kwani hamtatundika?"

Rangi ilikuwa imeisha, na siku pia zilikuwa zinaisha. Tukatundika magauni kwenye ndoano.

Jumanne asubuhi mteja wa kwanza aliingia, akagonga meza. "Nusu kilo. Na usiniwekee mifupa."

"Hapa ni nguo, mzee."

Alinitazama kana kwamba nimewafichia ndugu zangu maini. "Sawa. Nitarudi mkichinja."

Mpaka Ijumaa tulikuwa tumerudisha watu hadi sauti ikanikauka. Hatukuwa tumeuza hata leso.

Jumamosi, siku ya soko, nilifika nikakuta watu wamepiga laini mlangoni. Wawili watatu walisimama mapema, na waliopita wakasema bucha yenye laini ndiyo yenye nyama nzuri, wakajiunga. Kufikia saa nne laini ilikuwa imefika kwa fundi wa baiskeli. Ndipo Mzee Abdinoor akatokea, na nyuma yake Mwangangi amebeba mizani kifuani.

"Hata mmesharahisisha kazi," Mwangangi alisema, akiupapasa ukuta. "Sitapaka kitu."

Mzee akanyoosha mkono apewe ufunguo. Ismahan aliutoa. Nililia, sitaki kudanganya, nililia na futi ya kupimia ikiwa shingoni.

"Nyinyi," aliita Mama Musyimi, ajuza aliyekuwa wa kwanza kwenye laini. "Nyama inatoka saa ngapi?"

Ismahan akalipuka. "Hakuna nyama! Hapa hapajawahi kuwa na nyama!"

Mama Musyimi aliingia taratibu, akatazama juu. Kwenye ndoano ya kwanza lilining'inia gauni jekundu lenye kola nyeusi, na nyuma yake ukuta mweupe. Sikuwa nimewahi kuliona likipendeza hivyo, na nililishona mwenyewe.

"Mimi nimesimama hapa tangu saa moja," alisema. "Na mkono mtupu haulambwi. Hiyo ya mbele ni ya mtu?"

"Ni ya kuuza, mama," nilisema haraka.

"Basi nipimie."

Walio nyuma walipoona wa kwanza amehudumiwa, hakuna aliyekubali kuacha nafasi yake. Kila mmoja aliingia, akatazama juu, akachagua kama anavyochagua mguu wa mbuzi. Adhuhuri ilikuta ndoano tupu, na Mwangangi bado amekumbatia mizani yake. Mwingi nzima, nadhani, ilikula maharagwe siku ile.

Mzee Abdinoor alizihesabu ndoano tupu moja moja. Kisha akauweka ufunguo juu ya cherehani yangu.

"Ismahan, nishoneeni mapazia ya sebule."

"Rangi gani, adeer?" Ismahan alimuuliza ami yake.

"Hizo zako tatu."

Alifika mlangoni, akageuka.

"Na usiniwekee mifupa."