Jezi ya Kuburuza Mkia

Kwa taadhima kama ya mazishi ya mfalme, Kocha Brannigan alitangaza Alhamisi kwamba Fergus Tolhurst, aliyesajiliwa juzi tu akitokea shuleni, angecheza mechi yake ya kwanza na wakubwa. Timu ikapiga makofi. Fergus alikagua kiti chake kwanza. Shule ya bweni kule Ballarat ilimfunza kuwa heshima ya ghafla huwa na gundi.

Gundi aliiona jioni, akitazama msimamo wa ligi yao ya mpira wa umbo la yai. Klabu ilikuwa ya mwisho, na anayemaliza mkiani ndiye huwa wa kwanza kuchagua vijana wapya msimu ukiisha. Mwaka huu kulikuwa na kijana wa Bendigo ambaye viongozi walimtaja kwa sauti ya kanisani. Ukitaka kufungwa bila kuonekana umetaka, unawapumzisha wazee na kuwapa watoto nafasi. Usiku ule Fergus hakumtania mtu.

Mzee aliyepumzishwa alikuwa Dane Mulcahy, beki wa miaka thelathini na tatu, ambaye Fergus aliwahi kumgandishia viatu kwenye friji. Desturi ya klabu ilikuwa kali kidogo: anayeachia nafasi ndiye humkabidhi mgeni jezi. Jumamosi kabla ya mechi, mama yake Fergus akiwa tayari analia ndani ya skafu, Mulcahy alinyoosha jezi mbele ya wote. Fergus hakuipokea.

"Babu, niambie ukweli," alinong'ona. "Wamenipanga ili tufungwe?"

Mulcahy hakucheka. "Inawezekana. Mimi mwenyewe nilipewa yangu mwaka tulioburuza mkia."

"Ukafanyaje?"

"Nilivaa. Dogo, jezi haijui umepewa kwa nini. Na yule utakayemkaba hajaambiwa akuonee huruma. Pokea, mkono umechoka."

Akapokea.

Yule wa kumkaba kweli hakuwa na huruma. Alimburuza Fergus kwenye tope la baridi ya Agosti hadi mama mtu akafunika macho. Lakini mwishoni klabu ilikuwa mbele kwa pointi mbili, na ule mpira wa umbo la yai ukapigwa juu, ukishuka langoni kwao katikati ya msitu wa mabega. Fergus alijua kwamba akiukosa hakuna atakayemlaumu. Mtoto husamehewa, na wengine wangemshukuru kimoyomoyo. Akarudi kinyumenyume bila kutazama nyuma, akaruka, akaudaka, akaanguka nao. King'ora cha kumaliza mechi kikalia.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo walimweka katikati ya duara, wakaimba wimbo wa klabu na kummwagia vinywaji vya sukari, kama inavyompasa mgeni aliyeshinda. Mlangoni viongozi walipiga makofi kwa nyuso za watu waliotiliwa chumvi kwenye chai. Fergus alizijua nyuso hizo, alishazitengeneza nyingi. Kocha alikuwa hatua mbili tu kutoka kwake. Angeweza kumuuliza. Hakuuliza.

Mulcahy alikuja wa mwisho, na ndoo yake ilikuwa ya barafu tupu; vile viatu hakuwa amevisahau.